Gari la kulala safarini: linalotembea Tanga, au lililolala Lushoto?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, na nimebakiza mwaka mmoja na miezi michache kabla ya kustaafu. Mke wangu ni muuguzi, naye atastaafu mwaka utakaofuata. Watoto wetu watatu wametawanyika: mmoja yuko Dodoma, mmoja Iringa, na kitindamimba wetu anafanya kazi Mbeya. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwatembelea kwa basi, tukifika usiku tukiwa hoi, na kila mara nimejiambia kwamba siku nitakapokuwa na muda wangu mwenyewe nitasafiri taratibu, nikisimama ninapotaka na kulala ndani ya gari langu. Wazo hili nililipata zamani, pale Pangani, nilipowaona wazee wawili wa Kijerumani wakichemsha chai asubuhi kando ya gari lao lenye kitanda, kabati na meza ya kukunja. Sijawahi kulisahau.

Nimeweka akiba ya shilingi milioni 16 kwa ajili ya jambo hili, na nimepata magari mawili. Yote ni Toyota HiAce za zamani, zenye injini ya dizeli ya 3L. La kwanza ni la mwaka 1998, limekuwa daladala hapa hapa Tanga, na mwenyewe anataka milioni 11 na nusu. Limepigwa rangi mpya, linang'aa, na anasema injini ilibadilishwa mwaka jana. Tulipokwenda kuliona liliwaka mara moja. La pili ni la mwaka 1996, liko Lushoto, kwenye shule ya bweni inayomilikiwa na taasisi ya dini. Limesimama chini ya banda la mabati kwa miaka minne, rangi yake imepauka, matairi yamekaa chini, na hakuna aliyejaribu kuliwasha. Wanataka milioni 5.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi makenika na ndiye atakayenifanyia kazi. Yeye anasema nichukue la Tanga, kwa sababu gari linalotembea ni gari, na lililolala ni chuma chakavu. Ameomba nimkabidhi milioni 3 mapema ili aanze kununua vipuri, na tayari amemleta fundi seremala ambaye amekwisha kupima kitanda na kabati za mninga. Mke wangu, kwa upande wake, hataki lolote kati ya hayo mawili. Anasema tunakwenda kuifukia akiba yetu kwenye mabati, na kwamba goti lake halitaki kupanda wala kushuka usiku.

Naomba unisaidie. Nichukue lipi, nianzie wapi, na nifanye nini ili tusije tukajuta?

Mwalimu, Tanga


JIBU

Mwalimu, salaam zako zimenifikia, na barua yako nimeisoma mara mbili. Nakujibu moja kwa moja: lifuate la Lushoto. Lakini usitoe hata shilingi kabla hujajiridhisha kuhusu karatasi zake na kutu yake, na ukishalinunua, usilishushe mlimani kwa magurudumu yake mwenyewe.

Naanza na sababu, kwa kuwa hoja ya shemeji yako inasikika vizuri na wengi wangemuunga mkono. Yeye ni fundi wa injini, kwa hiyo anatazama injini. Ila katika gari la zamani la aina hii, injini ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote kupata nyingine. Hiyo 3L ina ujazo wa cc 2,779, haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) wala kompyuta, na imefungwa kwenye HiAce na Hilux nyingi mno za nchi hii, kiasi kwamba hata ikifa kabisa utapata nyingine ya mtumba na mafundi wataifunga kwa siku chache. Bodi haipatikani hivyo. HiAce haina chesisi inayojitegemea kama lori au Land Cruiser. Sakafu, kuta na paa vimechomelewa pamoja, na ndivyo vinavyobeba uzito wote, wenu na wa kitanda chenu. Kutu ikishaila sakafu na zile boriti za chini yake, unakuwa umenunua injini nzima ndani ya sanduku lililooza, na hakuna duka litakalokuuzia sanduku jipya.

Sasa fikiria maisha ya daladala la mjini Tanga. Hewa ya bahari ina chumvi mchana na usiku. Kila jioni kondakta anamwaga ndoo za maji sakafuni, yanapita chini ya mkeka wa mpira na kubaki pale. Abiria wanapanda na ndoo za samaki, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye ngazi ya mlango wa kuvuta. Baada ya miaka ishirini na kitu ya maisha hayo, linakuja kuuzwa likiwa na rangi mpya. Mwalimu, jiulize kwa nini mtu anayeuza gari la kazi anaingia gharama ya rangi. Mara nyingi ni kwa sababu chini yake kuna puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia matundu na mabonde ya bati.

Usiniamini mimi, kapime mwenyewe. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya redio, uifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole sehemu za chini za bodi: chini ya mlango wa kuvuta, juu ya magurudumu ya nyuma, pembe za mlango wa nyuma, na kando ya mpira wa kioo cha mbele. Kwenye bati utaisikia ikivuta mkono wako. Ikifika mahali ikalegea na kuanguka, hapo hakuna bati, kuna puti iliyolainishwa kwa msasa na kufunikwa na rangi. Mimi nilipofanya hivyo kwenye gari langu la kwanza nilikuwa nimekwisha kulilipia, na mlango ulio na puti ya unene wa kidole gumba ndio ulionifundisha kutembea na sumaku mfukoni. Baada ya hapo omba kufunua mkeka nyuma ya kiti cha dereva, ubonyeze sakafu kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza na kuingia ndani.

Na hilo la kuwaka mara moja lisikupe moyo sana. Injini ya dizeli ya aina hii hubana hewa takriban mara 22 mpaka iwe ya moto kiasi cha kuwasha mafuta, na injini iliyochoka ambayo asubuhi husumbua, huwaka bila shida ikiwa imekwisha kupashwa moto kabla hujafika. Rudi alfajiri bila kumwarifu muuzaji saa kamili. Kwenye HiAce hiyo injini iko chini ya viti vya mbele. Nyanyua kiti, ushike silinda hedi kwa mkono. Ikiwa baridi, ndipo iwashwe mbele yako. Moshi mweupe unaodumu na kunukia dizeli mbichi, au wa buluu unaoendelea, utakueleza zaidi ya maneno ya muuzaji. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma: mvuke kidogo ni kawaida, lakini ukitoka moshi kwa kishindo kama pumzi ya mtu aliyekimbia, ringi zinazoziba kati ya pistoni na silinda zimekwisha. Usisahau pia kwamba kadi ya gari ina namba ya injini. Kama injini ilibadilishwa mwaka jana na mabadiliko hayakusajiliwa TRA, Mamlaka ya Mapato, tatizo hilo linahamia kwako siku unapolipa.

Twende Lushoto. Huko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, hakuna hewa ya chumvi, na gari lililokaa chini ya banda lina nafasi nzuri ya kuwa na sakafu yake ya asili. Nimesema nafasi, sikusema hakika. Sumaku na bisibisi vitakwenda na wewe huko pia. Ukiweza nenda siku ya mvua au siku inayofuata, uangalie kama banda linavuja na kama maji yametuama kwenye mfereji wa paa, kwa sababu HiAce nyingi zinaanza kuoza pale juu ambako hakuna anayetazama, na maji yanateremka ndani ya nguzo za bodi kimya kimya. Rangi iliyopauka isikutishe hata kidogo. Afadhali rangi iliyopauka inayokuonyesha kila kitu kuliko inayong'aa na kukuficha. Ya pili ndiyo ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Karatasi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kwa gari hilo, na hapa naomba usiwe na haraka. Mali ya taasisi ya dini kwa kawaida huwa chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, kwa hiyo mkuu wa shule, hata awe mtu mwema namna gani, si mwenye gari. Omba uione kadi, usome jina lililoandikwa, kisha uombe muhtasari wa kikao kilichoamua liuzwe, na mkataba wa mauziano usainiwe na wadhamini wenyewe mbele ya wakili. Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Magari mengi ya taasisi za namna hiyo yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Gari la msamaha likihamia kwa mtu binafsi asiye na msamaha, ushuru uliosamehewa huja kudaiwa. Nenda TRA na nakala ya kadi kabla ya kulipa, uulize kama gari hilo lina msamaha na, kama upo, ni kiasi gani kitadaiwa na nani atakilipa. Jibu likishajulikana liandikwe ndani ya mkataba. Nimeona watu wakifurahia bei ya chini ya gari la taasisi, kisha wakakaa nalo miaka miwili uani kwa sababu ya ushuru ambao hawakuuliza.

Hata lile la Tanga lingekuwa na karatasi zake za kufuatilia. Lilikuwa gari la biashara, lenye namba nyeupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na lingehitaji kubadilishwa kuwa la binafsi lenye namba ya njano. Kwa yote mawili, angalia deni la faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari, na ulinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Ukisharidhika na ukalipa, gari lipandishwe kwenye lori au livutwe kitaalamu na gari la bredauni mpaka Tanga. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 za kona na mteremko, bonde likiwa upande mmoja. Breki zilizolala miaka minne zinaweza kukamata vizuri ukizijaribu uani, kisha zikakuacha kwenye kona ya tatu, kwa sababu mafuta ya breki yamenyonya unyevu na yakipata joto yanachemka, mipira ya ndani ya silinda imekauka, na hosi zimevimba. Mtu akikwambia “tulishushe taratibu tu kwa gia namba moja”, tafadhali kataa. Matairi nayo usiyajaze upepo ukayaamini. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo ni la kulisukumia gari uani, si la kulalia roho yako barabarani.

Siku ya kuiamsha injini, asiwepo mtu mwenye haraka. Shemeji yako anaijua kazi yake, lakini kishawishi cha kufunga betri na kupiga stata ni kikubwa, nami ninakuomba umzuie kwa upole. Kwanza kifunguliwe kichujio cha hewa, kwa sababu panya hupenda kujenga humo, na nyigu huziba bomba la hewa kwa udongo. Tangi lishushwe, dizeli ya zamani imwagwe, lioshwe. Utashangaa tope jeusi litakalotoka. Vichujio vyote viwe vipya. Kisha nozeli zinazopulizia mafuta kwenye silinda zifunguliwe, oili kidogo idondoshewe kwenye kila silinda, iachwe usiku kucha, na kesho yake injini izungushwe kwa spana kwenye puli ya krenki, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Mkono una akili ambayo stata haina: ukisikia kitu kinagoma, unasimama. Mkanda wa taimingi, unaoendesha vali kwa mpangilio na pistoni, ubadilishwe kabla injini haijawaka hata mara moja, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, na katika injini hiyo mkanda ukikatika vali na pistoni hugongana, kazi ya siku moja ikageuka oveholi. Hayo yakikamilika, mafuta yavutwe kwa pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio mpaka hewa iishe, plagi za joto zipewe muda wake, ndipo stata ipigwe.

Nataka niseme neno kuhusu pampu ya dizeli, kwa sababu ndiyo inayokufa kwa ujinga wa watu wengine. Pampu ya injini hii hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa mwingi kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, na bado ni busara kuchagua vituo vyenye magari mengi na kuepuka madumu ya kando ya barabara, hasa mkiwa safarini. Dizeli safi na maji yanayotolewa kila mara kupitia kile kiskrubu cha chini ya kichujio yataipa pampu hiyo maisha marefu.

Adui wa pili ni joto. Hedi za familia ya injini hizi hupasuka kati ya vali zikichemka, na wewe unataka kupanda kwenda Iringa. Huko juu hewa ni nyepesi; injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu, na ukiendelea kukanyaga inatoa moshi mweusi bila kuongeza mwendo. Kwa hiyo rejeta itolewe ikazibuliwe, mabomba yote ya maji yawe mapya, pampu ya maji ibadilishwe wakati wa kufunga mkanda, na kipimo cha joto kwenye dashibodi kithibitishwe kwamba kinasema kweli. Ukifika mlima Kitonga, kwa njia ya Morogoro, shusha gia mapema, nenda nyuma ya malori bila aibu, na sindano ikianza kupanda simama pembeni na uiache injini ipoe yenyewe.

Bodi ndiyo kazi itakayochukua muda mrefu kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Viti, mikeka na mapambo yote yatolewe mpaka ubaki na bati tupu, ufagie, uoshe, ukae ndani na taa mkononi. Kila penye kutu pakwanguliwe mpaka chuma cheupe kionekane. Palipotoboka pakatwe kabisa na kuchomelewa bati jipya la unene uleule, makali kwa makali. Usikubali kiraka kinachobandikwa juu ya kutu kwa ribiti na kufunikwa na puti, kwa kuwa maji yatakaa katikati na baada ya mvua mbili utarudi pale pale. Kabla ya kuchomelea, waya za betri na za alteneta zifunguliwe, na tangi liwe mbali. Kisha praima ya kuzuia kutu, rangi, na vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe kwa waya; fundi bodi wengi huviziba bila kujua. Mtu atakushauri upake oili chafu chini ya gari. Inazuia kutu kwa muda, ni kweli, lakini inalainisha bushi na mipira yote ya miguu ya gari, na nyinyi mtalala juu ya harufu hiyo.

Kuhusu shemeji yako na milioni 3, jambo hili ni la ndani ya nyumba kuliko la gereji. Usimpe. Mweleze mbele ya dada yake kwamba vipuri utavinunua wewe, mkienda pamoja dukani yeye akichagua na wewe ukilipa, na kila kipuri cha zamani kinachotolewa kitarudi kwako kwenye ndoo. Ufundi wake ulipwe kwa hatua: injini ikiwaka na kutulia, hatua moja, breki na miguu, hatua nyingine, na kadhalika, kila hatua ikiandikwa kwenye daftari lenye saini zenu wawili. Wewe ni mwalimu, daftari halikushindi. Fundi mwaminifu hulindwa na daftari kama unavyolindwa wewe, na undugu wenu utabaki salama hata kazi ikichelewa. Na katika ile milioni 16, tenga milioni 4 zisiguswe mpaka mmemaliza safari ya kwanza mkarudi, maana safari hiyo ndiyo itakayoonyesha kilichosahauliwa.

Fundi seremala naye asubiri. Mninga ni mbao nzuri kwa kabati la sebuleni, lakini ni nzito, na kila kilo utaipandisha mlimani kwa dizeli yako. Kwanza wekeni godoro sakafuni, jiko dogo, ndoo yenye bomba na taa ya sola, mpande Lushoto kupitia Mombo mkalale usiku mbili. Mtagundua wenyewe kitanda kikae upande gani, mlango upi unafunguliwa usiku, na joto linatoka wapi. Baada ya hapo plaiwudi ya milimita 12 kwenye fremu nyepesi inatosha. Wajerumani wale uliowaona Pangani wana mazoea ya miaka mingi. Westfalia walikuwa wakifunga vitanda kwenye Volkswagen tangu miaka ya 1950, na ukichunguza kazi yao utaona mbao nyembamba na kila kitu kinakunjwa.

Umeme usikuumize kichwa. Betri ya pili iliyotenganishwa na ya gari, na paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, vinatosha taa, simu, feni na friji ndogo ya volti 12, mradi usiitumie betri ya kawaida zaidi ya nusu ya uwezo wake.

La moto, hata hivyo, lichukulie kwa uzito wote. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari kamwe, hata likiwa limebaki makaa mawili, hata mvua ikinyesha, hata Makambako ikiwa na baridi ya kutetemesha. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala hatambui chochote. Mke wako ni muuguzi. Anaijua kuliko mimi. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda. Pikeni nje, chini ya turubai linalofungwa kwenye mfereji wa paa, na mtungi wa kilo 6 usafiri kwenye sanduku lililofungwa upande wa ndani, lenye tundu linalotokeza chini ya gari. Madirisha mawili yawe na wavu wa mbu wa kudumu, ili msilazimike kuchagua kati ya hewa na malaria.

Nimemwacha mama watoto mwishoni, ingawa huenda ndiye aliyesema jambo la maana kuliko sote. Anachosema kuhusu akiba umekwisha kusikia namna ya kukijibu: bei ndogo, daftari, na milioni 4 zisizoguswa. Anachosema kuhusu goti kinahitaji vipimo. Kitanda kisizidi kimo cha kiti cha nyumbani kwenu, ili akikaa miguu ifike sakafuni. Ngazi ya mlango wa kuvuta iongezwe kidaraja kingine cha kukunja na kishikio imara cha chuma. Na njia kutoka kitandani hadi mlangoni isikatizwe na kabati lolote. Mchukue mwende naye Lushoto hiyo siku ya kulikagua gari, mbebe mkeka na futi ya kupimia. Alale sakafuni kwa urefu, kisha kwa upana, wewe upime na kuandika. Nitumie vipimo hivyo pamoja na jibu la TRA, nami nitakuchorea kitanda.